Aliyekaa Kwenye Kiti Changu

Yule mpaka rangi alinikuta barazani na cherehani yangu, nashona sare za shule. Ana kopo la rangi nyekundu mkono mmoja, brashi mkono mwingine. Salamu hakuna. Akasimama mbele ya ukuta wa nyumba yangu, akaupima kwa macho, akaanza kuandika.

"Wewe, unaandika nini hapo?"

"Nimetumwa, mama."

"Umetumwa na nani kunichafulia ukuta?"

"Dalali. Nyumba inapigwa mnada Ijumaa ya wiki ijayo. Mimi kazi yangu rangi tu."

Mtaani kwetu wananiita Sindano, na si kwa sababu ya ushonaji. Nilimtolea uvivu yule kijana mpaka rangi ikamdondokea viatuni. Nikamwambia kama ana mama aende akamwandikie huyo kwanza, halafu arudi kwangu. Akaishia kwenye INAUZ, akabeba kopo lake akala kona. Mimi nikabaki natazama zile herufi, cherehani imesimama.

Deni nilikuwa nalijua. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na madirisha. Alikopa benki anunue mashine kubwa, maana alipata tenda ya milango ya ghorofa zima. Mwenye ghorofa akachukua milango, akazima simu, na habari zake zikaishia hapo. Benki wakaja wakachukua mashine. Mume wangu akaenda mji mwingine kuchomelea kwenye kampuni ya watu, kidogo anachopata anatuma. Mimi nikajua mashine imechukuliwa, basi, tumelipa kwa aibu na yamekwisha. Nyumba imeingiaje humo? Ile nyumba nusu ya matofali yake yametoka kwenye hii cherehani. Nikampigia simu. Akasema tutaongea nikirudi, akakata.

Nikamwita wifi yangu.

Wifi ni mdogo wa mume wangu, msusi, ana kisaluni chake kando ya barabara kubwa. Ndoa yake ilipovunjika alikuja na begi moja, akakaa chumba cha nyuma, na hajaondoka. Ananiita mke wangu. "Kaka alipokuoa, tulikuoa ukoo mzima," anasema, na mimi namjibu kwamba hata mmoja wenu hajanilipa mahari ya kutosha. Ndivyo tulivyozoea. Siku hiyo nilimwambia twende wote benki tukaombe muda, akaanza visingizio: mara ana mteja, mara kichwa kinamuuma. Nikamwambia kichwa kitamuuma vizuri tukiwa tunalala nje. Akajifunga mtandio mpaka kwenye nyusi, tukaenda.

Afisa mikopo alikuwa kijana wa tai. Tulipoingia akanitazama mara moja, akanipita kwa macho, akainuka akampa mkono wifi yangu.

"Karibu, mama. Mzee hajambo? Nilitegemea mngekuja mapema, kabla mambo hayajafika kwa dalali."

Wifi akanong'ona kwamba yeye amenisindikiza tu.

"Na wewe ni nani?" akaniuliza mimi.

"Mimi ndiye mwenye nyumba."

Akatabasamu kama mtu anayemvumilia mgonjwa. Akatuambia muda umekwisha, faili limetoka mikononi mwake, na kama tunataka mnada usimame basi tutafute wakili, upesi. Tulipotoka nje nilimwambia wifi naona siku hizi wenye sura nzuri ndio wanaopewa mikono benki. Nilitegemea atanijibu, maana hajawahi kuniachia neno la mwisho. Hakucheka. Alitembea mbele yangu mpaka nyumbani.

Sasa kutafuta wakili. Wa kwanza alikuwa na ofisi ya milango ya vioo, ndani baridi mpaka nikatamani koti. Hakuinua uso kunitazama. Akaniambia kiasi cha kufungua faili, na kiasi hicho kingeninunulia cherehani mbili na meza ya kukatia. Nikamuuliza, kufungua faili tu? Faili lenyewe si ni la karatasi? Akabonyeza kengele, binti wa mapokezi akaja kunionyesha mlango ambao nilikuwa nimeshauona.

Wa pili alinidaka mwenyewe nje ya mahakama. Suti, tai, mkoba mweusi. "Shangazi, shida yako nyumba, sivyo? Nimeiona usoni." Nikashangaa kweli. Akasema yeye na hakimu wanakula meza moja, kinachotakiwa ni hela kidogo tu ya kuanzia. Nikamuuliza ofisi yake iko wapi, akaupiga mkoba makofi. Hapo ndipo ningetakiwa kuamka, lakini hofu inakufanya mjinga. Nilishafungua pochi, noti ziko kwenye vidole, mara mwanamke mmoja akatokea nyuma akamkamata ukosi wa shati.

"Nyumba yangu iko wapi?" anamuuliza. "Nakuuliza wewe, nyumba yangu iko wapi?"

Jamaa akachomoka, ukosi ukabaki nusu, mkoba ukaanguka. Ndani kulikuwa na kandambili na nusu mkate. Yule mwanamke akakaa chini palepale kwenye vumbi akalia bila kujificha. Nyumba yake ilishauzwa, na mtu mwingine anaishi humo na watoto wake. Nilikaa naye. Alipomaliza kulia akaniambia kuna wakili wa kweli, mama mtu mzima, ghorofani juu ya duka la vipuri. "Mimi nilimjua nikiwa nimeshachelewa," akasema. "Wewe nenda leo."

Nikaenda siku hiyohiyo. Nilimkuta amevua viatu chini ya meza, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bure sifanyi. Nikifanya bure nitafunga ofisi, na wewe utabaki na mnada wako. Nusu nipe Jumatatu, nusu utanilipa kidogokidogo hata kwa mwaka. Jumatatu ukija mikono mitupu, sitakuwa na muda wa kuwahi mahakama."

Jumatatu yenyewe zilibaki siku tatu tu. Niliwadai wateja wangu wote, na wateja wote waliniambia mwisho wa mwezi. Usiku wa Jumamosi nilisema mbele ya wifi kwamba nauza cherehani. Akasema, "Na watoto wale nini, sindano? Niachie mimi." Jumatatu asubuhi akanipa bahasha, nusu nzima, haikupungua hata kidogo. Nikamuuliza ametoa wapi. Akasema wana mchezo wao wa wasusi, wanachangishana, zamu yake imefika. Nilimkumbatia. Nilimwambia Mungu amuweke, na nilimaanisha.

Wakili alihesabu, akaandika risiti, akavaa miwani.

"Haya. Siku ulipokwenda benki kukubali nyumba iwekwe rehani, nani alikueleza masharti?"

"Siku gani hiyo?"

"Nyumba ya familia haiwekwi rehani mpaka mke akubali. Nimepata nakala ya faili lao. Benki wanasema mke alikuja mwenyewe na mumewe, akakaa mbele ya afisa, akaulizwa, akakubali, akaweka sahihi."

"Mimi sijawahi kukanyaga benki ile kabla ya wiki iliyopita."

Akaivua ile miwani aliyoivaa sasa hivi. "Basi nani alikaa kwenye kiti chako?"

Nilifungua mdomo nimjibu kwamba sijui, na hapohapo nikauona ule mkono. Kijana wa tai anainuka, anapita pembeni yangu, anampa mkono wifi yangu. Karibu mama, mzee hajambo?

"Unamjua," wakili akasema. Hakuuliza, alisema. "Sikiliza. Hii ndiyo kesi yako, nyingine huna. Benki hawakumdai hata kitambulisho, hilo ni kosa lao na linawauma. Lakini lazima tumtaje. Tusipomtaja watasema ulikuja, ulikubali, na sasa unaruka. Tukimtaja, mnada utasimama, na huyo mtu anaweza kukamatwa. Kujifanya mke wa mtu mbele ya benki si mzaha. Mumeo naye ataitwa ajieleze."

"Nipe mpaka kesho."

"Kesho asubuhi. Baada ya hapo usije."

Nilimkuta wifi uani, anamsuka binti yangu mdogo, kichwa cha mtoto kimelala kwenye paja lake. Nikamtuma mtoto dukani na nywele nusu nusu. Alipotoka getini nikasema, "Ulikaa kwenye kiti changu."

Kitana kikamdondoka.

"Kaka aliniomba," akasema.

"Na mimi nilikuwa nimekufa? Au mdomo wangu ulikuwa likizo?"

"Alikuogopa, wifi. Alisema ukiulizwa utakataa, na ukikataa tenda inapotea. Akaniambia ni kukaa tu na kuitikia. Yule kijana akaniuliza, mama unakubali? Nikasema nakubali. Nilijua miezi michache deni limekwisha, wewe hutajua lolote."

Nilisema maneno ambayo sitayarudia. Nilimwambia alikuja kwangu na begi moja, nikampa chumba, naye akaenda kuliweka paa la watoto wangu mezani kwa mtu asiyemjua. Nikamwambia kesho nitamtaja mbele ya hakimu, jina lake, la baba yake na la babu yake.

Akaokota kitana, akafuta vumbi kwa kanga yake.

"Nitaje," akasema.

Usiku nilimpigia mume wangu. Huko kwake bado kazi inaendelea, nasikia msumeno wa chuma.

"Kwa nini hukuniuliza?"

Akasogea, msumeno ukapungua kidogo.

"Ungekataa," akasema.

"Ndiyo. Ningekataa."

"Sasa?"

"Sasa nini? Ndiyo maana mtu anaulizwa."

Akaanza kulia, mtu mzima, katikati ya makelele yale. Nilikata simu. Nilimuonea huruma, na huruma yenyewe ikanizidishia hasira.

Asubuhi chumba cha nyuma kilikuwa wazi na wifi hayupo. Nikasema amekimbia, sawa, amenirahisishia kazi. Njia ya kwenda kwa wakili inapita mbele ya saluni yake. Mlango ulikuwa wazi nikachungulia, nikidhani labda yumo. Ndani hakukuwa na kitu. Madraya mawili ya kukaushia nywele hayapo, viti havipo, hata kioo kikubwa alichokilipia kwa miaka kimeng'olewa, ukutani umebaki mraba msafi. Msusi mwenzake alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai.

"Vimekwenda wapi?"

"Kauza vyote, tangu Jumapili. Kasema kuna wakili anatakiwa kulipwa." Akanitazama. "Kwani hakukwambia?"

"Na ule mchezo wenu?"

"Mchezo gani? Sisi hata hela ya chai tunakopeshana."

Nikashika fremu ya mlango. Jumapili. Kabla sijajua chochote, kabla wakili hajaniuliza lile swali. Yeye alikuwa analijua jibu siku zote. Aliuza vitu vyake kumlipa mtu ambaye kazi yake itakuwa kumtaja yeye.

Nilipanda ngazi za pale juu ya duka la vipuri kwa pupa, nimeshapanga la kusema. Nilimkuta wifi kwenye benchi nje ya mlango, amejifunga mtandio vizuri, uso wote unaonekana.

"Kaniwahi kabla sijafungua ofisi," wakili akaniambia. "Ametoa kiapo chake, kila kitu. Nimemwambia mara tatu kwamba mimi ni wakili wako, si wake, na kwamba anajichimbia shimo, atafute wa kwake. Kasema hela imetosha wakili mmoja."

"Chana hiyo karatasi."

"Naweza kuichana. Ijumaa itabaki palepale. Dalali atakuja, na huyu hatakuwa amekuokolea kitu."

"Mke wangu," wifi akasema kutoka kwenye benchi, "weka sahihi twende."

"Usiniite mke wako leo."

"Basi weka sahihi nisikuite."

Nilikaa. Wakili akanisogezea maombi ya kusimamisha mnada, jina la wifi limo. Nilimchukia kwa alichofanya na nilimpenda kwa anachofanya, na kalamu ilikuwa moja. Nikawaza watoto wangu wamekaa kwenye vumbi kama yule mwanamke wa mahakamani. Nikaweka sahihi.

Mahakamani ilikuwa Alhamisi, siku moja kabla ya mnada. Wakili wangu alivaa viatu siku hiyo. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesimulia habari za jirani, na kila alichosema kilitua. Hakimu akamtaka kijana wa tai asimame.

"Mwanamke aliyekuja benki kukubali rehani yumo humu ndani?"

"Yumo, mheshimiwa."

"Muonyeshe."

Kijana akageuka. Wifi hakumsubiri anyooshe kidole, akasimama mwenyewe. Ukumbi mzima ukanitazama mimi, kisha yeye, kisha mimi. Tai ya yule kijana nadhani ilimbana, maana aliilegeza.

Hakimu akasimamisha mnada mpaka kesi isikilizwe. Deni liko palepale, hakuna aliyelifuta, ila wakili wa benki alishaanza kumnong'oneza wakili wangu habari za kulipa kwa awamu. Nilitaka kupiga vigelegele. Kisha hakimu akasema, bila kuinua macho, kwamba polisi wamchukue yule mwanamke wa pili atoe maelezo kuhusu kujifanya mtu mwingine. Askari wa kike akaja akamshika mkono juu ya kiwiko. Wifi akavua hereni zake akaniwekea kiganjani.

"Waambie watoto nimepata kazi ya kusuka mabibi harusi," akasema. "Nitachelewa kidogo."

Mimi Sindano nikazifunga kwenye ncha ya mtandio wangu, nikawafuata.

Kituoni walitukalisha mpaka jua likageuka. Wifi ndani ya kaunta, kwenye benchi la mbao, bila viatu. Mimi nje ya kaunta. Wakili alikuwa amenieleza njiani kwamba dhamana ya polisi haina ada, asije mtu akanidanganya. Wanachotaka ni mdhamini. Hatimaye askari wa zamu, mzee mmoja mwenye kikohozi, akaniita.

"Anahitaji mdhamini mwenye makazi ya kudumu. Mpangaji hatumtaki, leo yupo kesho kahama. Una nyumba?"

Ukuta una herufi nyekundu mpaka leo, INAUZ, watoto wamesugua wameshindwa.

"Ninayo," nikasema.

"Wewe ni nani wake?"

"Mke wake."

Mzee akaweka kalamu chini. Kule kwenye benchi la mbao wifi akaangua kicheko, akajiziba mdomo, mabega yakaendelea kucheka, halafu sikujua kama bado ni kicheko.

"Andika wifi," nikasema.

Akaandika, akakohoa, akageuza karatasi upande wangu. "Sasa nisikilize vizuri, mama. Huyu akitoroka, atakayewajibika ni wewe. Wewe na hiyo nyumba yako. Usije baadaye ukasema hukuambiwa. Unakubali, au hukubali?"

Nilimtazama yule mzee. Nilimtazama wifi, miguu yake mitupu kwenye sakafu ya saruji.

"Rudia," nikasema.

"Nirudie nini?"

"Hilo swali. Niulize tena."

Akadhani sisikii vizuri. Akajisogeza mbele, akaniuliza polepole, kwa sauti kubwa, neno kwa neno: mama, unakubali, au hukubali?

Nikasema nakubali, nikavuta kalamu.